Karafuu ya Pilau na Karafuu ya Chupa

Asanteni. Kila mmoja achukue karafuu hapo kwenye sahani, aibinye kichwa kwa kucha. Mnaona kinachong'aa? Ndiyo mafuta yenyewe. Karafuu iliyokauka vizuri hubeba mafuta kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kimoja, yujinoli. Ile harufu, ule ukali, ganzi unayoisikia ulimini, vyote ni kazi yake.

Tuanze na pilau, maana najua mnaogopa karafuu zake zisije zikawadhuru. Karafuu moja ina yujinoli miligramu 10 hivi. Wataalamu wa viungo vya chakula wa Umoja wa Mataifa waliweka kiwango salama cha miligramu 2.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 basi ana nafasi ya miligramu 150, yaani karafuu kama 15, kila siku, maisha yake yote. Nani anakula hivyo? Pikeni pilau lenu.

Sasa chupa ya mafuta ya karafuu. Pemba mafuta haya hutolewa kwa mvuke kutoka kwenye makonyo, vile vijiti vinavyobeba karafuu, na kijiko kimoja cha chai kina yujinoli karibu miligramu 4,000. Mtoto wa kilo 10 kiwango chake ni miligramu 25. Pigeni hesabu wenyewe.

Ini ndilo linalobeba mzigo. Yujinoli ikiwa kidogo, huifungasha na kuitoa kwa mkojo bila taabu. Ikizidi, sehemu yake hugeuka kitu kikali kinachomaliza akiba ya kinga iliyomo ndani ya seli za ini, kisha seli zenyewe huanza kufa. Ni njia ileile ya mtu aliyemeza parasetamo nyingi, ndiyo maana madaktari wamewahi kutumia dawa ileile, asetilisisteini. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza walieleza habari za mtoto wa miaka 2 aliyekunywa mililita 5 hadi 10: alizama kwenye koma, sukari ikashuka, ini likafeli, damu ikashindwa kuganda. Alipona, lakini kwa uangalizi wa hospitali.

Kuhusu jino: daktari wa meno naye hutumia yujinoli, akiichanganya na unga wa zinki oksidi kuziba jino kwa muda. Mtu mzima akigusisha pamba yenye tone moja kwenye jino lililotoboka, sina ugomvi naye. Akiloweka pamba na kulala nayo, ufizi utaungua. Na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asimeze mafuta haya kabisa. Kumpaka mtoto anayeota meno, hapana! Hata bibi akisema.

Tena jamani, chupa ya soda yenye mafuta haya, isiyo na lebo, juu ya kabati la chini, karibu na mafuta ya kupikia? Nimeiona nyumba nyingi mno.

Mama pale nyuma anauliza, na mtoto akishakunywa je? Usimtapishe, maana mafuta yakiingia mapafuni umeongeza ugonjwa wa pili. Usipoteze muda kutafuta maziwa. Mpeleke hospitali na chupa yenyewe mkononi, hata kama bado anacheza, kwa sababu madhara ya ini hayaonekani papo hapo.