Kani ya sentrifugali: ipo au haipo?

Mabibi na mabwana, tuanzie kwenye kona za Kitonga, kule Iringa. Basi linakata kona kushoto, nawe uliyekaa kwenye siti unajikuta umemlalia abiria wa kulia kwako. Ukiulizwa, utasema umesukumwa nje ya kona; msukumo huo ndio unaoitwa kani ya sentrifugali. Aliyesimama kando ya barabara ameona jambo jingine: mwili wako ulikuwa ukienda moja kwa moja, basi ndilo lililogeuka, na siti ikakuvuta kuelekea ndani ya kona. Yeye hajaona chochote kinachokusukuma nje.

Walimu wengi hukomea hapo. Kani ya sentrifugali haipo, wanasema, na mwanafunzi akiiandika kwenye mtihani anakatwa maksi. Mimi naona tunawaonea. Kani hii ina sharti lake. Ukipiga hesabu ukiwa ndani ya kitu kinachozunguka, lazima uiweke, la sivyo hesabu haitoki. Ukipiga ukiwa nje, usiiweke kabisa. Kosa ni kuchanganya, na hilo ndilo la kukatia maksi.

Mwanasayansi Christiaan Huygens wa Uholanzi alichapisha kanuni za kani hii mwaka 1673. Kona ikiwa ileile, mwendo ukiongezeka mara mbili, kani inaongezeka mara nne. Dereva anayeingia kona kwa 80 badala ya 40 anadhani amezidisha hatari maradufu tu. Jamani, hapana! Matairi yanadaiwa mara nne.

Na hakuna hata mmoja wetu humu aliye nje. Dunia inazunguka, na pale ikweta ardhi inakwenda karibu kilomita 1,670 kwa saa. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alifika Cayenne, karibu na ikweta, akaona saa yake ya pendulamu, iliyokwenda sawa Paris, inachelewa kama dakika mbili na nusu kila siku. Saa haikuwa mbovu. Uzito wenyewe, ambao ndio unaoibembeza pendulamu, ulikuwa umepungua: sehemu kwa sababu ya kani hii, sehemu kwa sababu mzunguko huohuo umeivimbisha dunia katikati, hata nusukipenyo cha ikweta kikakizidi cha ncha kwa kilomita 21 hivi.

Uvimbe huo tunao hapahapa kwetu. Everest ina mita 8,849 juu ya usawa wa bahari, Kilimanjaro 5,895. Lakini ukipima kutoka kitovu cha dunia, kilele cha Kibo kinaipita Everest kwa zaidi ya kilomita moja na nusu.