Tundu la bomba kando ya nguzo: kuimarisha slabu isiyo na boriti

Karibuni. Hapa tupo chini ya slabu bapa, yaani sakafu ya zege inayokaa moja kwa moja juu ya nguzo bila boriti. Tazameni: fundi bomba amekata tundu la sentimita 30 kwa 30, limegusana kabisa na nguzo yenye upana huohuo. Slabu ya aina hii ikizidiwa haitoi onyo la maana. Nguzo inaitoboa ghafla. Jengo la maduka la Sampoong, Seoul, lilikuwa la slabu bapa. Lilipoporomoka mwaka 1995 liliua watu 502.

Dirili iache kwanza. Ondoa mizigo iliyo juu, simamisha jeki za chuma kuzunguka nguzo, na ghorofa za chini yake vilevile, jeki juu ya jeki. Ukifunga bolti za kuimarisha, zile zinazopita unene wote wa slabu, huku slabu bado imebeba kila kitu, hazitashika kazi mpaka ipasuke zaidi.

Sasa chukua chaki, na hapa naomba tusiharakishe. Slabu ina unene wa sentimita 20. Kutoka uso wa chini hadi katikati ya nondo za juu ni kama 16, hicho ndicho kina. Zidisha mara mbili, upate 32. Chora mstari kuzunguka nguzo kwa umbali huo, pembe ziwe za mviringo. Urefu wake ni kama mita 3.2, na huo ndio mzingo unaobeba. Vuta nyuzi mbili kutoka katikati ya nguzo, zipite kwenye kona mbili za tundu zilizo karibu na nguzo. Kipande cha mzingo kilicho kati ya nyuzi kifute, hakibebi tena. Umeona? Robo nzima imeondoka kwa ajili ya bomba la choo! Kanuni za Ulaya zinahesabu hata tundu lililo mbali mara sita ya kina kile, hapa karibu mita moja.

Pitisha mashine ya kusoma nondo, weka alama, kisha toboa kati ya nondo na nondo, usiiguse yoyote. Nondo za juu kwenye nguzo usizikate hata moja. Mstari wa kwanza wa bolti ukae sentimita 8 kutoka usoni mwa nguzo, inayofuata isiachane zaidi ya 12. Idadi na unene wa bolti ni hesabu ya mhandisi, usikisie.

Piga brashi ndani ya kila tundu la bolti, puliza vumbi, rudia. Pitisha bolti, weka bamba la chuma juu na chini, jaza epoksi, ile gundi kali, pasibaki hewa. Ikikauka, kaza nati kwa spana yenye kipimo.

Wengine hubandika karatasi za nyuzi za kaboni chini ya slabu wakaishia hapo. Hizo husaidia zaidi slabu isipinde. Ufa wa kutoboka hukata mshazari ndani ya zege, na kinachoushona ni chuma kinachopita unene wote.

Funika vichwa vya bolti kwa plasta ya kuzuia moto, maana epoksi hulegea kwenye joto. Ndipo ufungue jeki, moja moja, ukianzia ghorofa ya juu.