Jinsi ya kuitafuta Libya katika nyaraka za Vita vya Kagera

Karibuni. Leo tunafuatilia swali moja tu: Libya iliingiaje katika Vita vya Kagera, vita kati ya Tanzania na Uganda? Wazee waliopigana wametusimulia mengi, na masimulizi yao ni hazina. Sasa tutafute karatasi zilizoandikwa siku zile zile.

Usifungue kompyuta kwanza. Chukua daftari, andika tarehe. Uvamizi wa Idi Amin, mwisho wa Oktoba 1978. Lukaya, mji wa Uganda, Machi 1979, ambako JWTZ, jeshi la Tanzania, ilipambana na wanajeshi wa Libya. Entebbe ilitekwa Aprili 7, Kampala Aprili 11. Bila tarehe hizi utazama kwenye bahari ya makaratasi.

Haya, fungua aad.archives.gov, ya hifadhi ya nyaraka ya Marekani. Ni bure. Chagua telegramu za Wizara ya Mambo ya Nje za mwaka 1979, kisha andika Libya na Uganda kwa pamoja. Ukimtafuta Gaddafi, kiongozi wa Libya wakati huo, jaribu pia Qadhafi; ukishikilia tahajia moja, nyingi zitakupita.

Umepata telegramu? Usikimbilie habari yenyewe. Tazama juu: imetumwa kutoka wapi? Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Marekani ilifunga ubalozi wake Kampala mwaka 1973, na Uingereza ikavunja uhusiano na Uganda mwaka 1976. Kwa hiyo afisa anayeeleza Walibya walivyo Kampala huenda ameketi Dar es Salaam, Nairobi au Tripoli, naye ameambiwa na mtu mwingine. Pembeni ya kila hati andika: ameona, amesikia, au anakisia? Mimi hati isiyojibu swali hilo siijengei hoja.

Kwa Uingereza, ingia kwenye katalogi ya hifadhi ya Kew, London, utafute majalada ya FCO 31, yanayohusu Afrika Mashariki. Mengi hayasomeki mtandaoni, basi nakili namba kamili ya jalada kabla ya kuagiza nakala.

Usiishie ugenini. Nenda maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitengo cha East Africana, uombe magazeti ya Uhuru na Daily News ya Machi na Aprili 1979. Weka gazeti kando ya telegramu ya wiki hiyo hiyo, na panapotofautiana piga mstari. Anza na Lukaya.