Kutoka Saba Hadi Tisa: Watoto Wetu na Uwanja Unaokua

Wazazi wenzangu, asanteni kwa kuja, na najua wengine mmetoka moja kwa moja zamu ya usiku.

Nianze na jambo la wiki mbili zilizopita. Kipa wetu, binti wa miaka tisa, aliudaka mpira vizuri kabisa. Wapinzani wakarudi nyuma ya ule mstari uliochorwa kati ya boksi na katikati ya uwanja, kama sheria inavyowataka. Pembeni baba yake akapaza sauti: "Butua! Butua mbele!" Mtoto akamtazama baba, akanitazama mimi kocha wake, akabutua. Refa akapuliza filimbi, wapinzani wakapewa faulo. Binti akabaki golini anafuta machozi kwa glovu zilizozidi viganja vyake. Hakuelewa amekosa nini. Alikuwa amemtii mzazi.

Baba yule simlaumu. Sisi tulikua kipa akidaka, anabutua. Lakini hapa Marekani, kwenye soka la saba kwa saba, kipa haruhusiwi kubutua. Anatakiwa autupe, aubiringishe au aweke chini na kumpasia mwenzake aliye karibu. Wapinzani wamerudishwa nyuma makusudi ili beki mdogo apate nafasi ya kupokea, ainue kichwa, aamue. Tukipiga kelele, tunamnyang'anya sekunde zile zile alizopewa ajifunzie.

Shirikisho la Soka la Marekani lilifanya mpangilio huu kuwa lazima tangu Agosti 2017. Walio chini ya miaka 8 hucheza wanne kwa wanne, bila kipa. Chini ya 10, saba kwa saba. Chini ya 12, tisa kwa tisa. Kumi na moja huanzia kundi la chini ya 13. Kuna mzazi aliniambia huu si mpira. Jamani, mbona wanne kwa wanne ndiyo chandimu yetu? Magoli ya matofali, mpira wa makaratasi, hakuna kipa, na hata yule mdogo kuliko wote anaugusa mpira mara nyingi mpaka jua linazama. Mtoto huyo huyo ukimweka kwenye goli la wakubwa, futi 24 kwa upana na 8 kwenda juu, atafungwa juu ya kichwa chake siku nzima, na hakuna atakachojifunza.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vijana wetu wanaopanda msimu huu kutoka saba kwenda tisa. Uwanja ambao haukuzidi yadi 65 kwa urefu sasa unaweza kufika 80. Kuotea, ambako kwenye saba kulihesabiwa kuanzia ule mstari tu, sasa kunahesabiwa kuanzia katikati. Yule mshambuliaji wetu hodari, aliyezoea kusubiri mbele karibu na mstari, atanyanyuliwa kibendera mara tatu, nne, na atadhani ameusahau mpira. Hajausahau. Anayoijua ni ramani ya uwanja mwingine. Na aliyekuwa akiwapita wote kwa mbio atakuta mtu wa ziada anamsubiri nyuma. Watoto wa aina hii ndio huniambia wanataka kuacha, na huniambia wakiwa ndani ya gari, si uwanjani.

Kwa hiyo naomba miezi miwili. Msiulize "mmefunga ngapi?" Muulizeni alisimama wapi mpira ulipokuwa kwa kipa. Ataeleza kwa mikono, kwa vikombe vya mezani, kwa chochote kilicho karibu. Na mechi ikianza, shangilieni ila msiagize. Mimi nikisema kwa Kiingereza arudi, nanyi kwa Kiswahili mkasema aende, mtoto husimama katikati akitafsiri huku mpira unampita.

Nimepanga koni nje kwa vipimo vya tisa kwa tisa. Twendeni, kila mzazi asimame kwenye nafasi ya mwanawe, na watoto wakae pembeni watutazame.