Muulizeni mgonjwa maumivu yake kabla ya operesheni ya goti

Shikamooni wazee wangu, na nyie wengine habari za mchana. Wanaonifahamu hapa Moshi wanajua naanzia wapi, naanza na yule mama wa Marangu, na mwenye haraka anivumilie maana mama yule ndo somo lenyewe.

Alikuwa na miaka 50 na kitu, magoti yanamsumbua miaka na miaka, kila siku anapanda mlima na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, usiku anameza diklofenaki ya duka la dawa. Akawekewa goti la bandia, kidonda kikapona vizuri, eksrei safi, goti linakunjika. Miezi 6 baadaye yuko kwangu fizio, kwenye mazoezi ya tiba ya viungo, analia, na ndugu wameshagawanyika, hawa wanasema daktari kaharibu, wale wanasema kuna mkono wa mtu. Nikachukua karatasi nikamchorea mtu, nikamwambia mama weka alama kila panapouma. Akaweka goti. Akaweka kiuno, bega la kulia, shingo, goti la pili. Akanirudishia kalamu, halafu akaiomba tena aongeze vidole vya mikono. Nikamuuliza haya yote yalikuwepo kabla ya operesheni? Akasema ndiyo mwanangu, ila niliulizwa goti tu.

Jamani, aliulizwa goti tu!

Hapo ndo ninapopigia kelele kila nikisimama. Kwenye kila watu 10 wanaobadilishiwa goti, karibu 2 wanabaki na maumivu ya muda mrefu, na hatari inapanda kwa mtu aliyeingia na maumivu makali, anayeumwa sehemu nyingi za mwili, mwenye wasiwasi au sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni isiyoisha, au yule ambaye akiumwa kidogo anawaza tu kwamba ndo basi tena. Mishipa ya fahamu ikishazoea maumivu inakuwa kama mbwa wa nyumba iliyowahi kuvamiwa, mwizi kaondoka zamani lakini jani la mgomba likidondoka anabweka usiku kucha. Umebadilisha goti, mbwa hujamtuliza.

Sasa kuna mtu ataniambia, kwa hiyo unasema mama anajifanya? Sijasema hivyo na sitasema! Maumivu yake ni ya kweli kabisa. Mwingine atasema basi tusifanyiwe operesheni. Hapana, karibu 8 kati ya 10 wanapata nafuu nzuri, mimi nachotaka hao wengine wajulikane mapema, wenye sonona watibiwe sonona pia, waelezwe ukweli, waanze mazoezi kabla.

Haya mengine haraka haraka. Eksrei ikionyesha goti halijasagika sana ila mtu anaumwa mno, msikimbilie kukata, angalieni na nyonga maana nyonga mbovu huuma gotini. Maumivu makali siku za mwanzo wodini nayo ni hatari, baba usikaze meno, omba dawa. Na goti la bandia likivimba, likawa la moto, likatoa usaha au mtu akapata homa, hiyo inaweza kuwa maambukizi, hospitali siku hiyo hiyo.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Karatasi zenye mchoro ziko pale mezani na kalamu zipo, dada wa kitenge cha bluu umesema bibi yako anafanyiwa wiki ijayo, chukua moja leo, kaa naye jioni aweke alama mwenyewe, umpe daktari mkononi.