Memori Iliyotengwa Kwenye Linux: Ifuatilie Kabla Hujanunua RAM Mpya

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nipo Chake Chake, na mashine hii mnayoiona mezani ni seva ya skuli moja. Wanafunzi wanasomea mitihani iliyopita humu. Imeletwa kwangu na maneno haya: "Fundi, RAM ya GB 4 lakini inaonyesha 3.6, itakuwa imeharibika." Pesa za kununua nyingine zilishachangwa. Nikawaambia wazee wazizuie kwanza, tuangalie. RAM haijaharibika. Kuna memori iliyotengwa, na leo nakuonyesheni namna ya kuiona na kuifuatilia.

Fungua terminali. Andika `free -h`, bonyeza Enter. Angalia safu ya mwanzo: jumla 3.6Gi. Hii si RAM yote iliyochomekwa. Ni ile iliyobaki baada ya kerneli (moyo wa Linux) kuchukua chake wakati mashine inawaka. Kwa hiyo ukiishia hapa hutojua kitu.

Sasa andika `sudo dmesg | grep Memory:`. Kama mashine imewaka siku nyingi, mstari huu unaweza kuwa umeshafutika, basi tumia `sudo journalctl -k | grep Memory:`. Nauvuta karibu muusome na mimi:

`Memory: 3674872K/4077432K available`

Kwenye mabano yanayofuata kuna orodha ndefu, na ndani yake tafuteni `402560K reserved`. Twende taratibu. GB 4 kamili ni kilobaiti 4194304. Kerneli yenyewe inahesabu 4077432, maana yake kiasi cha MB 114 hazikuifikia kabisa. Hizo zimeshikwa na BIOS (programu ya kuwashia mashine) pamoja na kadi ya picha iliyomo ndani ya prosesa. Katika zilizoifikia, 402560 zimetengwa. Hizo ni karibu MB 393, na hapo ndipo penye kazi yetu.

Nani kazitenga? Wa kwanza ni kerneli mwenyewe. RAM imegawanywa kurasa za baiti 4096, na kila ukurasa una rekodi yake ya baiti 64. GB 4 ni kurasa 1048576, zidisha kwa 64, unapata MB 64 za daftari tu. Huwezi kuziondoa na wala usijaribu. Juu yake weka msimbo wa kerneli na faili za kuwashia. Hizi za kuwashia hurudishwa baadaye, ndiyo maana `MemTotal` (ile jumla inayoonyeshwa na `free`) huwa juu kidogo kuliko ile 3674872.

Zilizobaki tuzitafute. Andika `sudo cat /proc/iomem`. Msisahau `sudo`, ndugu zangu, bila yake anwani zote zitakuja sifuri tupu na utadhani faili ni bovu. Shuka polepole... hapa. `Crash kernel`. Hakikisha ukubwa wake kwa `cat /sys/kernel/kexec_crash_size`. Inajibu 268435456. Hizo ni baiti, sawa na MB 256.

Mwizi si RAM, basi! Memori hii imewekwa kando kwa ajili ya kerneli ya pili, ambayo huamka kerneli kuu ikianguka ili ihifadhi picha ya kilichotokea. Kwenye seva yenye mtu wa kuisoma picha hiyo, iacheni, ina thamani kubwa. Kwenye mashine ya skuli ambayo hakuna atakayeisoma, mimi naiondoa. Kwenye Ubuntu tafuta neno `crashkernel` kwa `grep -r crashkernel /etc/default/`, liondoe kwenye mstari ulioliona, kisha `sudo update-grub` na uwashe upya.

Hiyo ilikuwa memori inayotengwa mara moja. Iko nyengine inayobadilika mashine ikiwa kazini, nayo ni kurasa kubwa. Andika:

`watch -n 2 "grep -E 'MemAvailable|HugePages|Cma' /proc/meminfo"`

Kioo kinajirudia kila sekunde mbili. Nimeshatenga kurasa kubwa 128 za MB 2 kila moja, kwa hiyo MB 256 zimetoka kwenye `MemAvailable` (memori ambayo programu zinaweza kuipata) hata kama hakuna anayezitumia. Sasa nawasha programu ya hifadhidata kwenye terminali ya pili. Angalieni `HugePages_Rsvd`, imeruka kutoka 0 hadi 100. Lakini `HugePages_Free` bado 128!

Hapa wengi hupotea. Fikirieni boti ya Mkoani kwenda Unguja: tiketi zimeshakatwa, abiria bado wako gatini. Kiti kitupu, lakini si chako. Kurasa zilizo huru kweli ni `Free` ukitoa `Rsvd`, yaani 28. Hifadhidata ikianza kuzigusa, namba zote mbili zitashuka pamoja. `Rsvd` inashuka sasa hivi, 97... 91...

`CmaTotal` (memori inayotengewa vifaa) kwenye mashine hii ni 0. Kwenye Raspberry Pi mtaikuta na namba, kwa sababu kamera na video zinahitaji memori iliyopangana bila kukatika.

Hatua ya mwisho, tuandike kumbukumbu yake. Andika `crontab -e` (ratiba ya kazi za kujirudia), ongeza mstari huu:

`*/10 * * * * (date; grep -E 'MemAvailable|HugePages|Cma' /proc/meminfo) >> $HOME/memori.txt`

Kila dakika kumi inaandika. Nilishaiweka tangu juzi, na jana umeme ulikatika. Tuandike `grep HugePages_Total memori.txt`. Mnaona? Kabla ya kukatika `HugePages_Total` ni 128, baada ya kurudi ni 96, mpaka nilipoziomba upya leo. Niliziomba kwa `sysctl` (amri ya kubadilisha mipangilio ya kerneli), na kwa kuwa ombi lilichelewa, memori ilishakatikakatika. Kerneli ikatoa ilichopata, bila kulalamika. Dawa yake ni kuandika `hugepages=128` kwenye mstari wa kuwashia, pale pale tulipoondoa `crashkernel`, ili zitengwe mapema. Naiweka, narudia `sudo update-grub`, nawasha upya, nasoma tena: 128.