Masikio, ki na bendi ya watu wazima

MPIGA BESI: Haya karibuni tena jamani, leo hatuna mgeni, tuko wenyewe wawili tu. Dada, mazoezi ya juzi yamenitesa, nimerudi nyumbani masikio yanapiga mluzi mpaka kesho yake mchana ndo ukakata.

MWIMBAJI: Pole kaka, lakini huo mluzi usiuchukulie poa.

MPIGA BESI: Nikiwa na miaka 22 nilikuwa naona masikio yakilia ndo shoo imenoga. Sasa nina 47 na kwa kweli niliogopa.

MWIMBAJI: Na uogope. Ndani ya sikio kuna seli zina vinywele vidogo mno, hizo ndo zinapokea mtikisiko wa sauti, zikishakufa hazioti tena, imetoka hiyo. Na umri wenyewe unaanzaga kula zile sauti za juu juu, halafu wewe umesimama pembeni ya matoazi ya drams miaka 20.

MPIGA BESI: Sasa nitasimama wapi, besi na ile drams kubwa ya mguu lazima ziende pamoja.

MWIMBAJI: Simama hapohapo ila ziba masikio. Wataalamu wanasema sauti ya desibeli 85 unaweza kukaa nayo masaa 8, kila zikiongezeka 3 muda unakatika nusu, ukifika 100 umebakiwa na dakika 15 tu. Chumba kidogo chenye drams na maamplifaya mawili kinafika huko bila shida, na sisi tunapiga masaa matatu!

MPIGA BESI: Ila vile vizibo vya sponji sivipendi, kila kitu kinakuwa kama kimefunikwa blanketi.

MWIMBAJI: Kwa sababu vinakata sauti za juu kuliko za chini. Tafuta vile vya wanamuziki, vinapunguza zote karibu sawa, muziki unabaki muziki ila mdogo. Na mwambie wa gitaa la solo amplifaya aipandishe kwenye kiti imwangalie usoni, sahivi inapigia magoti yake ndo maana hajisikii, anaongeza, na wewe unaongeza, na mimi napiga kelele.

MPIGA BESI: Hapo umenigusa. Halafu niseme kitu, siku hizi napiga noti chache. Zamani palikuwa hapapiti nafasi bila kuijaza, sasa naacha mwimbaji apumue kwanza, na nikisikiliza rekodi ya simu naona wimbo unatembea vizuri zaidi, nimechelewa sana kujua hilo aisee.

MWIMBAJI: Tumelisikia wote. Na mimi niseme la kwangu, miaka miwili nimekuwa naukaba ule wimbo wa kufungia kwenye ki ya C, yaani wimbo umejengwa juu ya noti ya C, ile noti ya juu nilikuwa naanza kuiwaza tangu wimbo wa tatu. Niliona haya kuomba tushushe, nikajua mtasema nimezeeka.

MPIGA BESI: Dada jamani, ungesema tu!

MWIMBAJI: Nikasema wiki iliyopita, nikaomba nusu toni, yaani twende B. Wa gitaa hana neno, anateremka freti moja. Wa tarumbeta akanuna kabisa.

MPIGA BESI: Ana haki yule, tarumbeta yake ni ya B-flati, yaani akipiga C inatoka B-flati, sisi tukipiga B yeye inabidi apige C-shapu, shapu saba hizo, noti zote saba unazipandisha nusu toni. Ndo akasema tushuke toni nzima, tupige B-flati, kwake inakuwa C nyeupe kabisa, haina shapu wala flati.

MWIMBAJI: Na mimi nikapata nafasi zaidi ya niliyoomba. Nimeimba ile noti nimefumba macho kaka, bila kukaza shingo, nilikuwa nimeshasahau inavyokuwa.

MPIGA BESI: Mimi nilinyamaza baa mbili nzima za wimbo nikusikilize, ulijua?

MWIMBAJI: Nilijua. Wa drams alidhani umepotea.

MPIGA BESI: Basi Alhamisi tuanze na huo huo, na vizibo nakuja navyo.